Figa la Katikati

Ambili alifika Killippalam jua halijachomoza vizuri, chungu kipya kwapani, mfuko wa mchele begani. Barabara yote ilikuwa imejaa matofali, mafiga matatumatatu, kutoka pale mpaka hekaluni, mlangoni kwa mungu wao wa kike, Mama wa Attukal, na wanawake walikuwa wanamiminika kutoka kila kituo cha treni. Akayatafuta matofali yake. Moja lilichorwa mwezi mchanga kwa chaki, kwa sababu ndiyo maana ya jina lake. Na hatua moja pembeni, kwenye tofali la jirani, mkono uleule wa Rajeesh wenye herufi za kulala ulikuwa umeandika jina la mama yake: Omana.

Alikuwa ameambiwa, lakini kuambiwa si kuona.

"Nimewapanga majirani," Rajeesh alimwambia kwenye simu jana yake. "Mama hajawahi kukuona, Ambili. Alikukataa kwa karatasi ya nyota tu. Kaa naye asubuhi moja. Usimtajie wewe ni nani mpaka chakula kibarikiwe, ale kutoka mkononi mwako. Akishakula kwako, hatakuwa na ujasiri wa kukuita mkosi."

"Na akiniuliza jina?"

"Mama yangu haulizi. Mama yangu huongea."

"Rajeesh, mimi sijui kumdanganya mtu mzima."

"Usidanganye. Nyamaza tu. Jumapili wanataka kunivisha pete ya mtu nisiyemjua hata sauti. Nina siku nne. Nisaidie."

Angesema hapana vipi? Miaka saba alikuwa anakuja kumpikia Mama wa Attukal kwenye siku hii, na miaka minne ya mwisho ombi lake lilikuwa hilohilo moja, halibadiliki: Rajeesh. Kama mtu anayebisha hodi nyumba ileile kila mwaka, anajua wenyewe wamo ndani.

Bajaji ikasimama. Akashuka mwanamke mnene, sari yake nyeupe yenye pindo la dhahabu, goti moja halikunjiki, na kabla hajafika alikuwa ameshaanza kulalamika.

"Hebu tazama! Matano! Mwanangu ni fundi wa lifti, anapandisha Waarabu ghorofa arobaini, lakini kuhesabu matofali sita kumemshinda!"

Kweli yalikuwa matano. Rajeesh aliishiwa matofali, au alijifanya kuishiwa, na tofali la kati lilikuwa limewekwa lihudumie meko yote mawili.

"Tutalichangia hili la katikati, mama," Ambili akasema.

Omana akamtazama. Akatazama na matofali. Akacheka, tumbo likatikisika.

"Mafiga mawili hayainjiki chungu, mwanangu. Basi leo tumefungwa pamoja. Mimi nikinyanyuka wewe unamwagika, wewe ukinyanyuka mimi namwagika. Nishike mkono nikae, hili goti lina ukaidi wa nyumbu."

Ambili akamshika. Mkono ulikuwa wa moto na laini, na kidole gumba kilikuwa na sugu la fundi cherehani. Yeye mwenyewe alishona blauzi kwenye duka la Chalai, na sugu kama hilo alikuwa nalo. Hilo lilimuuma bila sababu. Mtu aliyemchukia miaka minne hakupaswa kuwa na mkono kama wake.

Upande wa pili wa Ambili alikaa Thankam, mama wa makamo kutoka Kollam, mwenye mdomo usio na breki. Haikuchukua muda.

"Umeolewa, mdogo wangu?"

"Bado, dada."

"Bado?" Omana akadakia. "Na uzuri huu? Wanaume wa mji huu wamepofuka?"

"Hawajapofuka," Thankam akasema, "wanatazama dhahabu kwanza. Uso wanautazama baada ya harusi, ndiyo maana wanalia."

Wakacheka wote watatu, na Ambili akajishangaa anacheka. Omana alikuwa anamkunia nazi bila kuombwa, anamwonyesha jinsi ya kupasua sukari guru kwa jiwe isiruke, anamkemea kwa kuleta samli kidogo. "Mama hapendi ubahili. Chukua yangu. Chukua, nimesema!" Saa tatu, jua lilipoanza kuuma, akamfunika kichwa kwa ncha ya sari yake bila kukatiza maneno, kama mtu anavyomfunika mwanawe.

Na maneno hayakukatizwa. Jumapili, alisema, wakwe wanakuja. Binti wa Neyyattinkara, mwalimu, familia ya heshima, nyota zimelingana pointi nane kati ya kumi.

"Hongera, mama," Ambili akasema.

"Hongera subiri kwanza. Mwanangu kanuna tangu ashuke kwenye ndege. Kuna msichana alimganda miaka minne. Sijui kamlisha nini."

Kisu kikamteleza Ambili, ndizi ikadondoka mchangani. Akaiokota.

"Ana kasoro gani, mama?"

"Kasoro?" Omana akashusha sauti, na ule utani wote ukamtoka usoni. "Mirihi yake iko nyumba ya saba, nyumba ya ndoa. Mwanamke wa hivyo anazika mume. Hiyo si nyota, ni jeneza."

"Ulimwona?"

"Nimwone wa nini? Niliona karatasi yake, nikaifunga, nikairudisha siku ileile. Sikutaka hata ilale nyumbani kwangu."

Ambili alikumbuka siku ile. Baba yake aliipokea karatasi mlangoni, akaiweka juu ya kabati, na hakuna aliyekula usiku ule. Akainama akapanga kuni zake, makuti makavu chini, vifuu juu, akapanga tena zilizokwisha kupangwa. Alitaka kusema. Akanyamaza, kama alivyoahidi.

Saa nne na nusu vipaza sauti vikanguruma, ngoma zikalia, na kule hekaluni jiko la kwanza likawashwa. Vigelegele vikaanza mbali, vikaja vinapanda barabara pamoja na moto. Siku ile hakuna mwenye kuwasha kiberiti. Moto unatoka kwa Mama, jiko linaliwasha jiko, mkono unaupa mkono. Thankam akaupokea, akawasha lake, akamgeukia Ambili na kuti linalowaka. Ambili akawasha. Halafu ikawa zamu yake kumpa jirani.

Alisimama na lile kuti mkononi, moto unalila kuelekea vidoleni.

"Vipi, umelala?" Omana akamwambia. "Nipe na mimi moto wangu!"

Akampa. Makumbi ya Omana yalikuwa na unyevu, yakatoa moshi mzito tu. Ambili akapiga magoti akapuliza, akapuliza, machozi yakamtiririka, na hakuna aliyeuliza ni ya moshi au ya nini, kwa kuwa mji mzima ulikuwa unalia moshi saa ile. Moto ukashika. Omana akamvuta uso, akampangusa kwa pindo lake la dhahabu, shavu la huku na shavu la huku.

"Mwanangu angepata mmoja kama wewe," akasema, "ningekufa nimelala usingizi."

Mungu wangu, furaha na maumivu vinaweza kukaa kwenye moyo mmoja kwa wakati mmoja! Ambili hakuwa akijua hilo mpaka siku ile. Alikoroga mchele wake na kujiambia, zimebaki saa nne. Saa nne tu. Kuhani apite na maji ya baraka, nimtilie kwenye jani la mgomba, ale.

Chungu cha Omana kilichemka kwanza. Povu likapanda, likafurika, likamwagika upande wa mashariki, upande wa heri. Omana akapiga kigelegele mpaka Thankam akaziba masikio. Halafu Thankam akaondoka kwenda kwenye foleni ya mtindi wa maji, wakabaki wawili.

"Umeona? Mashariki! Umenipulizia moto wa bahati, binti." Omana alikuwa na uso wa msichana. "Sasa sikiliza. Kila mwaka kuhani akipita namtajia Mama watu watatu. Mwanangu, marehemu mume wangu, na dada yangu. Mwaka huu nakuongeza wewe, nikuombee mume. Nitajie jina lako na nyota yako."

Ambili akaacha kukoroga.

Sokoni angeweza kusema lolote. Kwenye basi angeweza kujiita Usha. Lakini jina na nyota vinavyokwenda kwa Mama havisemwi uongo. Ukidanganya hapo, ombi linakwenda kwa mtu asiyekuwepo. Na zaidi ya hilo, tangu azaliwe hakuna mtu nje ya nyumba yao aliyepata kumwombea yeye kwa jina. Alitaka liwe lake.

"Ambili," akasema. "Nyota ya Moolam."

Upawa wa Omana ulisimama ndani ya chungu.

"Rudia."

"Ambili, mama. Moolam. Mirihi nyumba ya saba. Ndiyo mimi."

Omana hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alikusanya ncha za sari yake, akakishika chungu kwa matambara mawili, anyanyuke nacho, goti bovu na yote.

"Mama, figa," Ambili akamwambia taratibu. "Chungu changu kimelilalia. Ukikivuta chako, vyote viwili vinaanguka."

Omana akatazama lile tofali la katikati. Akaachia matambara, akakaa. Wanawake wa mbele na wa nyuma waliendelea na soga zao.

"Ni yeye," akasema mwishowe. "Matofali matano. Mjinga yule."

"Usimkasirikie. Alitaka unione tu."

"Nimekuona. Ndiyo ubaya wenyewe. Nimekuona."

"Basi nikubali, mama." Ambili aliyatoa maneno haraka kabla hofu haijayazuia. "Sikuja kukuibia mtoto. Nitakaa kwako, nitakushonea, nitakukanda hilo goti. Karatasi imeandikwa na mtu. Hata Mama huyu tunayempikia alifiwa na mume, wiki nzima wanaimba kilio chake. Nani amewahi kumwita mkosi? Tumejaa barabara nzima kumtukuza."

"Yeye alikuwa na nguvu ya kuuchoma mji mzima kwa uchungu wa mumewe, mwanangu. Mimi nilibaki na mtoto wa miezi kumi na moja na cherehani ya mkopo." Omana alikoroga, ingawa uji wa mchele ulikuwa umeshaiva. "Unadhani ninakuchukia. Ninayo hiyo nyota."

Ambili hakuelewa.

"Mirihi. Nyumba ya saba. Ninayo. Baba yangu alimlipa mnajimu akaandika karatasi nyingine, safi, nikaolewa nayo. Mume wangu Damodaran alikuwa fundi wa nyaya za umeme. Mwaka wa tatu, siku ya Jumanne, nilimgombeza asubuhi kwa sababu ya mwavuli, akatoka hakunitazama. Saa tano wakaja watu wawili wamevua kofia." Alipumua. "Mama mkwe wangu alikufa bila kujua. Rajeesh hajui. Miaka thelathini na miwili nimelala na uongo ule. Wewe wa kwanza."

"Nyaya zinaua watu, mama. Si wewe."

"Nimejiambia hivyo kila usiku. Unajua inasaidia mpaka saa ngapi? Mpaka saa nane. Baada ya saa nane haisaidii." Akamshika mkono, ule wa sugu. "Ningekuwa sikupendi ningepigana nawe kwa maneno. Wewe nakupenda, na siwezi. Kazi yake ni kuning'inia kwenye mashimo ya lifti, Ambili. Kila simu ikilia mimi nakufa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, mimi niliumwa nikiwa na miaka ishirini na tatu."

"Na mimi nifanye nini?"

"Mimi nikimwambia hatasikia. Ataghairi Jumapili, atakuoa kwa msajili, na mimi nitahesabu siku. Atakusikia wewe. Mwambie akuache."

Ilikuwa ni ukatili kumwomba mtu jambo kama lile, na Omana alijua, maana alikuwa analia alipoliomba. Ambili alitazama povu la chungu chake mwenyewe likipanda, na hakuangalia limemwagikia wapi.

Saa nane na nusu makuhani wakapita wanarusha maji ya baraka kwa mashada ya maua, kila mwanamke akisogeza chungu chake na kutaja watu wake. Omana alifumba macho. "Rajeesh, nyota ya Rohini," akasema. "Damodaran. Dada yangu Sumathi, nyota ya Thiruvathira." Kuhani alikuwa anakwenda zake. "Na Ambili, Moolam," akasema kwa sauti kubwa, "Mama, mpe mume mwenye umri mrefu."

Ametimiza ahadi yake, Ambili akawaza. Mume. Hakusema yupi, na wote wawili walijua si yupi.

Zamu yake ilipofika, ombi la miaka minne lilikuwa tayari mdomoni. Rajeesh. Nipe Rajeesh. Lakini alipolisema, liliandamana na picha ambayo asubuhi haikuwepo: Jumanne, saa tano, watu wawili wamevua kofia. Akajaribu kuifukuza. Ikakaa.

"Rajeesh, Rohini," akasema. "Mpe miaka."

Maji ya baridi yakampiga usoni.

Akachota kwenye chungu chake, akaweka kwenye jani la mgomba, akampa Omana kwa mikono miwili. Omana angeweza kukataa. Akapokea, akala kwa vidole, polepole, machozi yanadondokea kwenye wali.

"Iliki umeipatia," akasema. "Ungenipikia hivi kila siku."

Na ndipo Rajeesh akatokea.

Alikuwa anapenya katikati ya wanawake na chupa ya maji mkononi, mrefu, amechomwa na jua la Sharjah, akaona kitu kimoja tu: mama yake anakula kutoka kwenye jani la Ambili. Uso wake ukafunguka wote. Miaka mitatu Ambili hakuwa ameuona uso ule ila kwenye simu, na sasa aliuona ukiwa na furaha kamili, furaha ya mtu aliyeshinda, na alitamani ardhi ipasuke immeze kabla ya kuizima.

"Mchukulie huyu binti chungu chake," Omana akamwambia mwanawe bila kuinua kichwa. "Kizito. Mfikishe pale ukutani kwenye kivuli."

Wakaenda. Hatua ishirini hazikufika. Rajeesh alikikumbatia chungu cha moto kama mtoto.

"Amekula!" akanong'ona. "Ambili, amekula! Nilikuambia. Jumapili nitakwenda Neyyattinkara mwenyewe, nitawaomba radhi watu wa watu, na Jumatatu baba yako—"

"Rajeesh."

"—Jumatatu nakuja kwenu na mama, na—"

"Rajeesh, nisikilize."

Rajeesh alimjua vizuri mno, lakini sauti ile hakuwa ameisikia kabla.

"Amekataa?"

"Hakukataa. Amenipenda. Ameniombea kwa jina langu."

"Basi?"

"Basi usinisubiri."

Alimtazama kana kwamba ameongea lugha ya kigeni. "Kakuambia nini? Nyota? Ambili, wewe ndiye uliyekuwa unanicheka mimi nikiogopa hiyo karatasi. Uliniambia Mirihi iko mbali, haina habari na sisi!"

"Nilisema."

"Sasa imesogea?"

"Nilikuwa sijui kupoteza kunafananaje. Leo nimekaa nako kwa saa nane, bega kwa bega, nako kunanikunia nazi. Miaka minne sikuogopa hata siku moja. Tangu leo naogopa. Ukikohoa, nitahesabu. Ukichelewa kupiga simu, nitakufa. Siku moja nitakugombeza kwa sababu ya mwavuli, utatoka bila kunitazama, na nitakaa chini kungoja. Hayo si maisha ya mke. Mama yako ameyaishi, na amekuwa hivi."

"Mwavuli gani? Unasema nini?"

"Muulize yeye. Siku yoyote, lakini muulize kwa upole. Ana jambo amelibeba peke yake muda mrefu."

"Mimi siogopi kufa, Ambili."

"Najua. Ndiyo maana inabidi niogope mimi."

Rajeesh alitaka kumshika mkono. Mikono yake ilikuwa na chungu, na kukiweka chini hakuweza, barabara yote ilikuwa makaa. Wakasimama hivyo, chungu katikati yao, mvuke wa sukari guru na iliki unapanda usoni mwao wote wawili. Ilikuwa mara ya mwisho wao kusimama karibu kiasi kile, na hawakugusana.

"Nipe," akasema Ambili. Akakipokea chungu. Vidole vyao vikapishana kwenye matambara, basi.

Nyuma yao lori lilikuwa limeshaanza kukusanya matofali, vijana wa kike na wa kiume wanapasiana mkono kwa mkono. Omana alikuwa amesogea pembeni, chungu chake mapajani, hawatazami. Kwenye majivu yalibaki matofali matano. Maji ya baraka yalikuwa yamefuta chaki; jina halikusomeka, na mwezi haukuonekana. La katikati lilikuwa jeusi pande zote mbili.

Msichana mmoja akainama, akaliinua, akarusha mkono kwa sababu bado lilikuwa la moto, akacheka, akalifunga kwa kitambaa.

"Mnayapeleka wapi?" Rajeesh akamuuliza. Alijua. Alizaliwa mji ule, tangu utotoni alijua. Aliuliza tu ili sauti yake itoke.

"Yanajengewa watu wasio na nyumba, kaka."

Rajeesh akalitazama tofali likipita mkono hadi mkono, likipanda, mpaka likapotea juu ya lori katikati ya mengine.

"Haya," akasema. "Basi lenyewe litapata nyumba."